"Tulifanya" haitoshi: kuomba hadhi ya CEnv ukiwa Afrika Mashariki

Anza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo wataalamu elekezi wa mazingira huvichanganya kila siku. Usajili wa NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira nchini Tanzania, au leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira nchini Kenya, ni ruhusa ya kisheria. Bila hiyo huna mamlaka ya kusaini ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Tanzania inasimamia jambo hili kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya ina sheria ya mwaka 1999 na kanuni za tathmini na ukaguzi za mwaka 2003. CEnv, yaani Chartered Environmentalist, ni hadhi inayosimamiwa na Society for the Environment ya Uingereza, chombo kilichopata hati ya kifalme mwaka 2004. Wanaoithibitisha ni wanataaluma wenzako: wamekupima, wakaona umekomaa. Haikupi haki ya kusaini chochote Dodoma wala Nairobi. Kwa hiyo usajili wa nyumbani uwe hai kwanza, ada ikiwa imelipwa.

Maombi hayaendi moja kwa moja kwa Society. Unapitia taasisi yenye leseni ya kuwapima waombaji, nawe uwe mwanachama wake. Miongoni mwa taasisi hizo za Uingereza, CIWEM imejikita zaidi kwenye maji na mazingira, CIWM kwenye taka, IES kwenye sayansi ya mazingira, na ziko nyingine. Chagua kwa kazi unayoifanya, wala si kwa ada iliyo nafuu, maana wasaili watatoka humo. Mhandisi wa majitaka anayehojiwa na watu wasioijua kazi yake hupoteza nusu ya muda akifafanua msamiati. Kabla ya kulipa, waandikie barua pepe uulize kama kuna punguzo kwa waombaji wa nchi zenye kipato cha chini, na kama uanachama na CEnv vinaweza kuombwa pamoja. Kiwango cha maarifa kinachotakiwa ni cha shahada ya uzamili. Usipokuwa nayo mlango haujafungwa, ila utalazimika kuonyesha kwamba kazi zako zimekufikisha hapo.

Kazi yenyewe iko kwenye ripoti ya umahiri. Kuna vipengele 12 katika makundi manne: maarifa ya mazingira na namna unavyoyatumia, uongozi, mawasiliano, na maadili ya taaluma. Hapa ndipo maombi mengi huangukia, na sababu ni kiambishi kimoja. Mtaalamu wetu amezoea kuandika ripoti za kampuni, kwa hiyo anaandika "tulifanya", "tulipendekeza", "ilibainika". Msaili anasoma kurasa kumi bila kujua mwombaji alifanya nini na wenzake walifanya nini.

Chukua mfano wa kiwanda cha kuchakata samaki kando ya ziwa. Sentensi hii haina thamani: "Tulishiriki katika ukaguzi wa mazingira wa kiwanda na kutoa mapendekezo." Ilinganishe na hii: "Nilichukua sampuli za majitaka sehemu tatu, nikakuta BOD (oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu uliomo majini) ni 140 mg/l pale yanapotoka, wakati kikomo ni 30. Uongozi ulitaka kuongeza bwawa. Nilipinga, kwa sababu vipimo vya sehemu ya pili vilionyesha mafuta yanapita hadi kwenye mabwawa na kuyaua nguvu. Nilishauri chemba ya kutenganisha mafuta ijengwe kwanza, na baada ya miezi minne BOD ilishuka hadi 27." Hapo kuna kipimo, uamuzi, sababu, upinzani na matokeo. Tarakimu ziwe za kweli, na ziwe kwenye faili lako, utaulizwa.

Kosa jingine ni kurundika miradi 20. Minne au mitano inatosha, ikiwa kila mmoja umeelezwa mpaka chini. Mradi mmoja mzuri unaweza kubeba vipengele vitatu.

Kwenye maadili watu huandika "ninazingatia maadili" wakadhani wamemaliza. Kinachotakiwa ni mgongano halisi na namna ulivyoutatua. Kwetu mgongano huo haupo mbali: anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Mteja akikuomba uondoe aya kuhusu malalamiko ya wanakijiji, ulimjibu nini, kwa maandishi gani, na ulikuwa tayari kupoteza nini? Andika hilo bila kumtaja mteja. Ripoti za watu pia usiziambatishe bila ruhusa yao, hata ukizifuta majina.

Mihtasari ya mikutano ya hadhara ya Kiswahili ni ushahidi mzuri sana wa mawasiliano, na inasikitisha kwamba wengi huiacha kwa sababu haiko kwa Kiingereza. Tafsiri ukurasa unaohusika, uuambatishe pamoja na ule wa asili. Angalia majina pia: cheti cha chuo kikiwa na majina mawili na pasipoti matatu, tayarisha hati ya kiapo mapema. Mdhamini wa maombi yako naye awe aliyeiona kazi yako kwa macho. Mkurugenzi mwenye cheo kikubwa asiyejua ulichokifanya kiwandani hakusaidii.

Usaili huendeshwa na wasaili wasiopungua wawili, na kwa mwombaji wa huku mara nyingi ni kwa video. Maswali karibu yote ni ya "kwa nini": kwa nini njia hiyo, kwa nini si nyingine, ungefanya nini bajeti ingekatwa nusu. Jizoeze kwa sauti mbele ya mwenzako, ukijilazimisha kusema "nili". Adabu yetu inatufundisha kutojisifu, na ulimi huteleza kurudi kwenye "tuli" hata aliyejiandaa.

Ukishaipata, CEnv inaishi juu ya uanachama wako. Uanachama ukikoma, nayo imekoma, na herufi hizo lazima ziondoke kwenye kadi na wasifu wako. Kila mwaka utatakiwa kuonyesha mafunzo endelevu, kwa hiyo fungua jedwali lenye safu nne: tarehe, ulichojifunza, saa ulizotumia, na mahali ulipokitumia kazini. Lijaze siku hiyohiyo. Safu ya nne ndiyo wengi huiacha tupu, nayo ndiyo inayosomwa kwanza.