Barua kwa mwanangu: vitu vya baba yako

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikauacha, nikaurudia. Unasema chumba cha watoto huko Dodoma hakipitiki kwa vitu vya baba yako ulivyoondoka navyo baada ya arobaini, na kila ukishika kimoja ili ukitoe unajiona kama unamfukuza. Ukauliza mimi niliwezaje, maana hapa nyumbani sasa pana nafasi.

Vingine vilitoka kirahisi kuliko unavyodhani. Karabai, kwa mfano. Wewe ulikuwa ukizililia mwenyewe pale stoo. Lakini unakumbuka zilivyofanya kazi: usiku wa giza anatoka nazo Mwaloni kwenda kuita dagaa, mbalamwezi ikikomaa anapumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi ukishaenea ziwani dagaa hawaifuati taa. Leo wenzake wengi wanatumia taa za betri na za sola. Zile karabai tangi zimeliwa na kutu na mafuta ya taa hayanunuliki. Nilimwita kijana wa vyuma chakavu, akazipima, akanilipa, akaondoka. Sikutoa chozi. Zilikusomesha wewe na kaka zako, kazi yao ikaisha.

Kilichoniliza ni nyavu mpya. Zilikuwa bado kwenye mfuko wa dukani, zimefungwa kama alivyozileta, na kamba zake pembeni. Alisema msimu ukikaa vizuri ataziunga. Nilikaa chini sakafuni na ule mfuko mapajani mpaka shangazi yako akaja kunitafuta. Ndipo nilipoelewa kinachotutesa, mwanangu. Kitu kilichotumika hadi kikachakaa huwa kinaaga chenyewe. Ambacho hakijatumika kinakung'ang'ania, kwa sababu ndani yake kuna jambo alilokusudia akakatishwa. Ukikishika unaomboleza upya, tena unaomboleza siku ambayo haikufika.

Sasa itazame ile suti ya kijivu. Najua iko kabatini kwako, maana hukuniruhusu niiguse. Aliishonesha kwa ajili ya harusi yako, akaijaribu mara moja mbele ya kioo changu, na harusi hakuiwahi. Viatu vyake vya ziwani unaweza kuvitoa hata kesho, na zile shati za kazini. Suti ndiyo imeziba chumba, hata kama haichukui nafasi kubwa. Nadhani ndiyo inayokufanya ushindwe kutoa na mengineyo.

Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na sipendi vijana wa siku hizi wanavyouona utaratibu huo kama unyang'anyi. Una hekima yake. Koti lake la mvua alipewa mjomba wako, na nilipomkuta nalo Mabatini moyo ulinishtuka kweli, nikasimama. Kisha nikamsalimia, tukaongea habari za baba yako pale pale barabarani, tukacheka. Lingekuwa sandukuni, lingeota ukungu na mimi nisingekuwa na wa kuongea naye.

Karatasi ziache kabisa. Hati ya kiwanja, cheti cha kifo cha RITA, ile karatasi ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, vitabu vya benki: viweke pamoja mahali pakavu, hata usivifikirie kwa sasa. Picha pia. Na usifanye kazi hii usiku, wala peke yako. Mwite mumeo akae tu hapo mlangoni, si lazima ashike kitu. Akikwambia mtu utoe vyote siku moja ili upone, usimsikilize. Mimi nimebaki na redio yake na kikombe cha bati, na sina mpango wa kuvitoa. Kikombe nakinywea chai kila asubuhi.

Zile nyavu nilimpa yule kijana aliyekuwa akivuta naye kamba. Aliziunga wiki ile ile. Aliponiletea fungu la dagaa wa kwanza nilishindwa kuwapika siku hiyo, nikawaanika. Kesho yake tukala.

Kuhusu suti, maoni yangu ni haya. Aliyekushika mkono kanisani ni baba yako mdogo wa Nansio, na mabega yao yalikuwa mamoja. Mpe yeye. Lakini usiitume kwa basi. Njoo nayo mwenyewe Desemba shule zikifungwa, yeye atavuka kwa meli, aivae hapa sebuleni tukiwa wote. Mikono ikiwa mirefu fundi yuko jirani, ataipunguza. Ukifika ukaona bado huwezi, utarudi nayo Dodoma na hakuna atakayekuuliza.

Nibusie wajukuu zangu, na shemeji yako mdogo mwambie dawa za kifua nimezipata.

Mama yako