Kabla Hujatangaza Kuwa Mmea Wako Unazuia Kimeng'enya

Mkemia akimaliza uzamifu na kuingia bayolojia ya kikemia hapa Nairobi, mara nyingi huanzia kwenye mimea: mwarubaini, shubiri, magome ya msituni. Ni mwanzo mzuri. Ila jina lake litategemea kipimo kinachoaminika cha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia, na kipimo hicho kijengwe kabla ya kuomba fedha za utafiti.

Anza na kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya alkali. Kipe kimeng'enya hicho para-nitrofenili fosfeti isiyo na rangi, kitaikata na kuacha umanjano unaosomwa na spektrofotometa kwenye nanomita 405. Bufa, yaani myeyusho unaotuliza pH, isiwe ya fosfeti, maana fosfeti ndiyo inayotoka kwenye mmenyuko na yenyewe hukizuia kimeng'enya. EDTA, kemikali inayonasa metali, pia iepuke, hukipokonya zinki kinayoihitaji. Ukitumia bufa ya Tris, irekebishe pH kwenye joto utakalofanyia kazi, kwani hushuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Iliyokuwa 8.0 kwenye nyuzi 25 inakuwa takriban 7.7 kwenye 37.

Kisha DMSO, kiyeyushi cha kuyeyushia dondoo la mmea au dawa unayoipima. Huganda kwenye nyuzi 18.5, kwa hiyo asubuhi ya Julai utaikuta imeganda mezani. Ikiyeyuka nusu, sampuli haijasambaa sawasawa, na pipeti itanyonya ujazo sahihi wenye kiasi kisicho sahihi cha dawa. Ipashe joto hadi iyeyuke yote, itikise, ndipo upime. Isizidi asilimia 1 ya mchanganyiko, na mirija isiyo na dawa ipate kiasi hichohicho.

Shida kubwa ni tanini, kemikali za mimea zenye ukakasi. Hushika protini yoyote iliyo karibu, na dondoo lenye tanini nyingi litaonekana kuzuia kila kimeng'enya unachokipima. Makala nyingi huharibikia hapa. Fanya majaribio manne. Soma dondoo peke yake bila kimeng'enya, kwa kuwa rangi yake ya kijani au ya hudhurungi nayo hunyonya mwanga kwenye 405. Rudia ukiwa na Triton X-100, aina ya sabuni, ya asilimia 0.01, kizuizi kikitoweka, molekuli zilikuwa zimejikusanya madonge. Lijaribu dhidi ya kimeng'enya kingine kisichohusiana kabisa. Mwisho, lipitishe kwenye PVPP, unga unaonasa tanini, upime tena. Kilichobaki baada ya hapo kina haki ya kutenganishwa na kupelekwa kwenye NMR, mashine inayoonyesha muundo wa molekuli.

Vibali visikucheleweshe: leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ianze mapema, na kwa mimea uliza pia NEMA, mamlaka ya mazingira, na KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kukata jani.

Darasani kipimo hichohicho kinatosha. Wape wanafunzi wa mwaka wa tatu chai ya rangi, isiyo na maziwa wala sukari, bila kuwaambia ni nini. Kwa kuwa chai ina tanini nyingi, wengi watadai wamepata dawa. Kipindi kinachofuata wape PVPP, gramu 0.5 kwa mililita 10 za chai. Waitikise dakika 15, waizungushe kwenye sentrifuji, wapime upya na wachore mistari miwili kwenye grafu moja. Wape muda wa kubishana juu ya grafu hiyo kabla hujawaambia ilikuwa chai.