Usiombe maelezo, omba karatasi: nilivyopata nyaraka za mtaro wa mtaa wetu

Mleta mada, nimeisoma barua yako mara mbili. Umeomba ofisi ya serikali za mitaa ikupe "taarifa zote kuhusu barabara ya mtaa wetu na sababu za kutokamilika kwake", mwezi wa pili huu hujajibiwa, na unauliza kama uende mahakamani. Usiende kwanza. Barua yako ina makosa yaleyale niliyoyafanya mimi, na yalinipotezea karibu mwaka mzima.

Kwetu ulikuwa mtaro wa maji ya mvua. Mkandarasi alichimba, akajenga, akaondoka huku kipande cha chini kikiwa shimo tu. Mvua ikinyesha, maji yote yanaishia kwenye nyumba za mwisho. Jirani yangu mmoja, mtu mzima sana, alihamisha kitanda chake mara tatu msimu mmoja. Nikaandika barua ya kwanza nikiwa na hasira: kwa nini mtaro haukukamilika, fedha zimekwenda wapi, nani awajibike. Kimya. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba sheria nyingi za haki ya kupata taarifa zinakupa kile ambacho ofisi tayari inacho kwenye majalada yake. Haziilazimishi ikae chini na kukutungia maelezo. "Kwa nini" si waraka.

Barua ya pili nikageukia upande wa pili: nipeni nyaraka zote za mradi tangu siku ya kwanza. Safari hii nilijibiwa, kwamba kuzitafuta ni kazi kubwa mno. Nilidhani wananikwepa, na huenda kweli walinikwepa, lakini sababu nimewapa mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, sheria inairuhusu ofisi ya serikali za mitaa kukataa ombi ikiwa kazi ya kulitafutia majibu itazidi saa 18. Ukiandika "zote", umewasaidia kukukatalia.

Aliyenifungua macho ni karani wa masijala. Nilikwenda kulalamika, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Unataka karatasi gani?" Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu kwamba fedha za umma hazitembei bila karatasi. Kuna mkataba, kuna mchanganuo wa gharama za kazi, kuna taarifa ya mhandisi aliyepima kilichojengwa, kuna hati ya malipo iliyotokana na vipimo hivyo, na kukiwa na jambo lolote lililobadilishwa katikati, kuna barua ya kuidhinisha mabadiliko. Akanishauri nianze na mihutasari ya vikao vya madiwani, ambayo ilikuwa wazi kwa yeyote. Nikakaa asubuhi mbili nikisoma. Ukurasa mmoja ukataja mradi wetu kwa namba yake ya mkataba, na kwamba hati ya tatu ya malipo imepitishwa. Hapo ndipo nilipopata cha kuomba.

Wanakijiji wa Rajasthan, India, walilijua jambo hili zamani. Miaka ya 1990, wakulima na vibarua waliojikusanya chini ya Mazdoor Kisan Shakti Sangathan hawakuishia kuuliza kama kuna wizi. Walidai orodha za mahudhurio ya vibarua na hati za malipo za kazi za vijijini mwao, kisha zikasomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Waliosikiliza wakakuta majina ya watu waliokwisha kufa yakiwa yamelipwa ujira. Madai yale yalichangia sana kupatikana kwa sheria ya haki ya taarifa ya India ya mwaka 2005. Nikisoma habari zao hadi leo moyo unanisisimka, maana waliyoyafanya yanawezekana kwa mtu yeyote mwenye kalamu na subira.

Barua yangu ya tatu ilikuwa na mistari sita. Nilitaja namba ya mkataba, nikaomba nakala ya hati ya tatu ya malipo, taarifa ya vipimo iliyoambatanishwa nayo, na barua yoyote ya mabadiliko ya mkataba kati ya miezi miwili niliyoitaja. Sikuweka lawama wala historia ya mvua. Nikajibiwa siku ya 12.

Na majibu hayakuwa niliyoyatarajia. Mtaa mzima tuliamini mkandarasi amelipwa kazi asiyoifanya. Vipimo vilionyesha amelipwa alichojenga tu. Urefu wa mtaro ulikuwa umepunguzwa kwa barua ya mabadiliko, kwa sababu kipande cha chini kinapita juu ya bomba kuu la maji, na bomba lile lilitakiwa lihamishwe kwanza. Hakuna aliyelifuatilia tena. Kwa hiyo hatukuwa tunadai fedha zilizoibwa, tulikuwa tunadai kazi iliyosahauliwa, na hayo ni madai tofauti yanayopelekwa meza tofauti. Tungeendelea kumtukana mkandarasi, maji yangeendelea kuingia kwa jirani yangu.

Sasa mambo ya utaratibu. Peleka barua nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia hapo na bila mhuri huna cha kuonyesha. Muda unategemea sheria ya nchi yako: Kenya ni siku 21, Tanzania na India siku 30, Uingereza siku 20 za kazi. Ukiulizwa unazitakia nini, mara nyingi hulazimiki kusema. Sheria ya Kenya inatamka kwamba sababu zako haziathiri haki yako, na kwamba kuwasilisha ombi hakulipiwi, unachangia gharama halisi ya nakala tu. Sheria hiyohiyo inakubali ombi la Kiswahili, na inamtaka afisa amsaidie asiyeweza kuandika.

Wakifuta sehemu kwa wino mweusi usikasirike haraka. Namba za simu na akaunti za benki za watu zina haki ya kufichwa. Kiasi kilicholipwa kwa kazi ya umma ni jambo jingine kabisa, na kikifichwa, dai kwa maandishi waonyeshe kifungu kinachowaruhusu. Wakisema jalada halionekani, waombe waandike hivyo na kusaini. Kwangu jalada moja "lililopotea" lilipatikana siku mbili baada ya ombi hilo. Ukinyimwa bado kuna rufaa, na Kenya inakwenda Tume ya Haki ya Utawala, bila haja ya kuanzia mahakamani.

Kwa barabara yako, anza na mihutasari ya vikao vya mwaka ule kazi iliposimama. Tafuta namba ya mkataba, kisha omba hati ya mwisho ya malipo pamoja na vipimo vyake. Hizo mbili tu kwanza. Zikitoka, ziweke hapa ukiwa umeficha majina ya watu, nitakaa nazo tuzisome pamoja mstari kwa mstari.