Quidditch: magoli yana kazi gani?

Swali: Mambo vipi, nafuatilia sana hadithi za Harry Potter ila Quidditch, ule mchezo wa wachawi wanaopaa na fagio, inanichanganya, goli moja pointi 10 tu halafu ukikamata Snitch, kile kimpira cha dhahabu kinachoruka, unapewa 150 na mechi inaisha hapohapo, sasa wanaohangaika kufunga wana kazi gani?

Jibu: Wengi wanalalamikia hapohapo. Timu ina watu 7, wafungaji 3, wawili wa kupiga zile Bludger (mipira inayogonga wachezaji), kipa, na Seeker anayesaka Snitch, kwa hiyo ni kweli mtu mmoja anabeba mzigo mkubwa mno. Ila magoli yana uzito wake bwana, cheki fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 humo hadithini, Ayalandi walikuwa wanaongoza 170 kwa 10, Krum, Seeker wa Bulgaria, akaikamata Snitch na bado wakafungwa 170 kwa 160! Na pale Hogwarts, shule ya uchawi anayosoma Harry, kombe linaangalia jumla ya pointi za mechi zote, kuna msimu Harry aliambiwa asiikamate mpaka timu yake iongoze kwa zaidi ya pointi 50. Hapo ndo mchezo unanoga kwangu, Seeker lazima ajue kusubiri, na wa kumfanya aweze kusubiri ni wafungaji.