Mafuta ya Ayurveda na dhana ya “sumu inatoka”

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka minne ana ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na magoti. Muuza dawa za Kihindi hapa Mombasa alinipa mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mwarobaini na manjano. Baada ya wiki mbili vipele vimeenea hadi shingoni na vinatoa maji. Muuzaji anasema ni sumu inayotoka, nisiache kupaka. Je, niendelee?

JIBU: Usiendelee, mama. Msafishe mtoto kwa maji ya uvuguvugu bila kumsugua, na kesho umfikishe kliniki, kwa sababu huenda ngozi inayotoa maji imekwisha kuingiwa na bakteria. Akipata homa au malengelenge madogo yanayouma, usingoje kesho.

Hilo neno “sumu inatoka” nalisikia karibu kila wiki, na limewaponza watoto wengi kuliko mafuta yenyewe, kwa kuwa linamfanya mzazi aione dalili ya kuacha kuwa ndiyo dalili ya kuendelea. Kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo. Yale maji unayoyaona ni majimaji ya damu yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyotanuka kwa uvimbe. Mzio wa kugusa, yaani ngozi kukikataa kitu kilichopakwa juu yake, hauji siku ya kwanza: kinga ya mwili huchukua siku kumi au zaidi kuitambua dutu ngeni, ndiyo maana wiki ya kwanza hupita kwa amani na muuzaji akasifiwa. Ufuta wenyewe unajulikana kuleta mzio huo, na kusema kwamba mafuta haya “hayana kemikali” ni mzaha, kwani kurkumini inayoyapa manjano rangi yake ni kemikali kama nyingine.

Siidharau Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, ambayo ina vitabu na waganga waliosomea. Ninayemlalamikia ni muuza chupa isiyo na lebo. Mafuta “ya mitishamba” yanayokausha vipele kwa siku mbili yananitia shaka zaidi kuliko yasiyofanya lolote, kwa sababu mara nyingine yamechanganywa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, ambayo huifanya ngozi iwe nyembamba, na vipele vikiwa ni fangasi, huvificha huku vikienea chini kwa chini.

Na akikuongezea vidonge vya “kusafisha damu”, vikatae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za kumeza za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki; baadhi ya mapishi ya jadi huweka metali hizo kwa makusudi, na ubongo wa mtoto wa miaka minne hauihimili risasi hata kidogo.

Kesho uje na chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu.