Mbona modemu zangu hazisikilizani ndani ya Kivu?

SWALI: Wakubwa wangu, jambo. Natayarisha kazi ya mwisho wa masomo: mtandao wa vipimajoto ndani ya Ziwa Kivu, mbele ya Goma. Modemu zinatumiana data kwa sauti ndani ya maji, ni za kilohezi 25, zimeachana kilomita 5. Kwenye ns-3, programu ya kuigiza mitandao, natumia modeli ya Thorp, fomula ya kukadiria sauti inayopotea majini. Pakiti (vifurushi vya data) hazifiki, nikiongeza nguvu zinafika, ila zinagongana. Kosa liko wapi?
Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Jambo ndugu. Kosa la kwanza ni chumvi. Fomula ya Thorp ni ya bahari, ambako salfeti ya magnesiamu hunyonya sauti: kwa kilohezi 25 hupotea desibeli 6 hivi kila kilomita, 30 kwa njia yako nzima. Tabaka la juu la Kivu karibu halina chumvi. Huko chukua 0.0002 mara mraba wa kilohezi, yaani desibeli 0.125 kwa kilomita. Kwa kilomita 5 haifiki hata desibeli 1. Desibeli 30 ni mara 1,000 ya nguvu! Badilisha mnyonyo tu ndani ya msimbo. Kutawanyika kwa sauti (15 mara logi ya umbali kwa mita) kuache.

Kugongana kunatokana na mwendo. Sauti inatumia sekunde 3.4 kufika, kwa hiyo kusikiliza kwanza kama njia iko wazi hakusaidii: unachosikia kimekwisha kupita. Ukisubiri jibu chini ya sekunde 7, juu yake muda wa pakiti zote mbili, modemu inarudia kutuma huku jibu liko njiani. Hapo ndipo zinagongana.

Sasa kina, na hapa usifanye haraka. Joto la Kivu linashuka kutoka nyuzi 24 na kitu juu hadi karibu 23 kwenye mita 80, kisha linapanda tena kuelekea chini, na chumvi pia. Ndiyo maana sauti huenda polepole zaidi karibu na mita 80: kama mita 1,492 kwa sekunde, dhidi ya 1,495 juu. Sauti hupinda kuelekea penye mwendo mdogo. Modemu iliyoning'inia mita 80 inatuma miale ambayo, ikiwa haijainama zaidi ya nyuzi 3 hivi, inabaki humo bila kugusa mawimbi. Ya mita 10 inarudiwa na mwangwi wa uso wa maji, na pakiti moja inafika vipande vipande.

Thorp haijui hayo. Mpe Bellhop, programu inayofuata njia za miale ya sauti, jedwali la mwendo wa sauti, kila mita 5 hadi 100, halafu kila mita 20. Tengeneza majedwali mawili, la kiangazi na la miezi mingine: Juni hadi Septemba maji ya juu hupoa na kuchanganyika, tofauti ile ya mita 3 inapungua sana, na miale mingi inapanda kugonga uso.