Hatukuwa tumelala

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya vipigo lakini yeye mwenyewe hakuguswa, hubaki na jeraha akikua?" Jibu langu ni ndiyo. Naomba nafasi ya kueleza jeraha hilo hukaa wapi, kwa sababu mimi mwenyewe niliishi nalo miaka mingi bila kulijua.

Baba hakunipiga hata siku moja. Aliyepigwa ni mama, mara nyingi usiku, mlango wa chumba chao ukiwa umefungwa. Asubuhi mama alituamsha kwa sauti ile ile ya kila siku, nasi tuliamka kama watoto waliolala fofofo. Ndiyo maana kila nilipoulizwa ukubwani kama niliteswa utotoni, nilijibu hapana, tena kwa moyo mweupe.

Kilichonibakia kiko masikioni. Nilikuwa naijua hali ya baba kabla hajaingia ndani. Ufunguo ukiingia tunduni mara moja, usiku ungekuwa mwema. Ukigongagonga pembeni, nilimwamsha mdogo wangu haraka aende chooni mapema, kwa kuwa baadaye hakuna ambaye angethubutu kupita ukumbini. Nilijua kikohozi cha uchovu na kikohozi cha hasira. Na kelele hazikunitisha kama ukimya. Maneno yakikatika ghafla, nilijua mkono umeshanyanyuka.

Leo nina miaka 41 na masikio yale bado yako kazini. Mke wangu akiweka sahani kwa kishindo kidogo namuuliza, "Nimekukosea?" Akisema hapana, baada ya muda namuuliza tena, na najua swali hilo linamchosha. Mkuu wangu wa kazi akibamiza mlango, nusu saa nzima napekua akilini nilichoharibu. Naomba radhi kabla sijalijua kosa. Watu husema mimi ni mpole. Sehemu kubwa ya upole huo ni woga.

Mwaka 2011 watafiti wa University College London walichapisha uchunguzi ambao nilipousoma nilijiona ndani yake. Waliwapima ubongo kwa mashine watoto 43, 20 kati yao wakiwa wametoka kwenye familia zenye ukatili, huku wakiwaonyesha picha za nyuso. Watoto hao 20 walipoona uso wenye hasira, sehemu za ubongo zinazohusika na kutambua hatari, amigdala na insula, ziliamka kuliko za wenzao. Uso wa huzuni haukuleta tofauti hiyo. Mwitikio wa namna hiyo ulikuwa umeshaonekana kwa askari waliopita vitani. Na watoto wale hawakuwa wagonjwa wa akili. Ubongo wao ulikuwa umejifunza kazi iliyohitajika nyumbani, kazi inayomlinda mtoto usiku ule na kumchosha mtu mzima miaka thelathini baadaye.

Ningeambiwa nitaje kilichoniumiza kuliko vyote, nisingetaja usiku. Ningetaja asubuhi. Jicho la mama limevimba, na tunaambiwa ameteleza bafuni. Hakuna anayeuliza. Mtoto aliyesikia kila kitu anaambiwa hakuna kilichotokea, basi anakua na masikio makali asiyoyaamini. Ndiyo maana namuuliza mke wangu mara ya pili na ya tatu. Nimesikia kitu, nikajibiwa kwamba hakuna kitu, na jibu hilo niliwahi kupewa zamani.

Sisi ni watatu, na nyumba ile ile ilimwachia kila mmoja chake. Kaka yetu ndiye aliyekuwa anaingia katikati, tangu akiwa na miaka 11. Mpaka leo hajui kupumzika, na shinikizo la damu lilimwanza kabla hajafika miaka 35. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni kile. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao, uliwauliza watu wazima kuhusu masaibu ya utotoni, na mama kupigwa lilikuwa mojawapo. Waliopitia aina nne au zaidi za masaibu hayo walikuwa katika hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja, na maradhi ya moyo nayo yaliwaandama zaidi. Mdogo wetu, yule niliyekuwa namwamsha, anasema hakumbuki chochote. Ila hawezi kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mama kuliko baba: kwa nini hakuondoka? Niliona aibu nilipokuja kujua kwamba wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, ndio wakati maisha ya mwanamke wa namna hiyo yanakuwa hatarini zaidi. Alikuwa anapima mambo ambayo asingeweza kutusimulia.

Halafu kuna ule msemo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Niliupokea kama hukumu, nikaogopa kuoa. Ni kweli kwamba mvulana aliyekulia kwenye vipigo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupiga. Ni kweli vilevile kwamba wengi wao hawapigi, na hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Siku moja nilimfokea mtu kwenye simu. Nilipogeuka nikamwona binti yangu wa miaka minne anakusanya midoli yake kimya kimya, anaiondoa njiani kwangu. Nilimjua mtoto yule. Nikakaa sakafuni nikamwambia, "Umesikia baba akifoka. Ni kweli nilikasirika. Hujakosea kitu, na hutapigwa." Akaniuliza nani alikuwa kwenye simu, nikamjibu. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza ambalo mtoto anadai: akubaliwe kwamba amesikia.

Kule England na Wales, sheria ya mwaka 2021 ya ukatili wa majumbani inamtambua mtoto anayeona, anayesikia au anayepatwa na athari za ukatili huo kuwa mwathirika yeye mwenyewe. Hilo neno "anayesikia" nililirudia mara nyingi nilipolikuta.

Baba alishafariki. Mwaka jana tulikuwa sote watatu na mama, tumekaa tu, akatuuliza bila utangulizi, "Lakini nyinyi usiku mlikuwa mmelala, sivyo?"

Kaka akamjibu, "Hatukuwa tumelala, mama."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nauma shuka nisilie, msije mkaamka."